Mteremko wa Woodstock, Bethel, New York

Hapa uliposimama palikuwa shamba la Max Yasgur, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Tarehe 15 hadi 18 Agosti 1969, watu zaidi ya 400,000 walijaa mteremkoni kwa tamasha la muziki la Woodstock. Uzio haukukamilika, wengi wakaingia bure. Mvua ikageuza nyasi kuwa tope. Wanakijiji wakawaletea wageni chakula, wema unaostahili kukumbukwa sawa na muziki wenyewe.

Jumatatu asubuhi, wengi wakiwa wameshaondoka, Jimi Hendrix alipiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa la umeme, likivuma na kupiga mayowe kama vita vya Vietnam.

Makumbusho ya tamasha hilo yalifunguliwa 2008. Mteremko wenyewe haukujengwa. Shuka hadi palipokuwa jukwaa, kisha geuka utazame juu.