Ngitili

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga masika ili nyasi na miti vikue, kisha hulifungulia mifugo kiangazi. Huwa ya kaya au ya kijiji. Bariadi na wilaya nyingine za Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 hasa kutoka Shinyanga, zimerithi desturi hii. Ufyekaji wa vichaka kupambana na mbung'o, pamoja na kilimo cha pamba, uliacha nchi uchi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ukaanza kuihuisha nchi hiyo mwaka 1986. Migunga ilirudi, ikaleta kivuli, kuni, dawa, asali na mandhari ya kupendeza kweli. Sheria za kimila na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, hulinda ngitili. Bila hizo, uzio wowote ni bure.