Fahamu: Jina la Wi-Fi linavyoweza kuangusha kifaa chako hata kabla hujaunganisha

Uko stendi ya Nyegezi, Mwanza, unasubiri basi. Ukiwasha Wi-Fi, majina ya mitandao yanajipanga kwenye skrini. Hujaunganisha popote, lakini simu imeshaanza kusoma data za watu usiowajua.

Data hizo zikoje?

Kila ruta hurusha tangazo lake hewani, kwa kawaida kama mara 10 kwa sekunde. Ndani yake kuna vipande, na kila kipande kina sehemu tatu: baiti 1 ya aina, baiti 1 ya urefu, halafu maudhui. Mtandao ukiitwa "Nyegezi", kipande cha jina kinaanza na 0 (yaani hili ni jina), inafuata 7 (idadi ya herufi), kisha herufi zenyewe.

Urefu haufanani kwa sababu majina hayafanani. Baiti moja inaweza kutaja urefu hadi 255, ila jina la Wi-Fi linaruhusiwa baiti 32 tu.

Shida iko wapi?

Urefu huo anauandika anayetuma. Draiva, yaani programu inayoendesha Wi-Fi ndani ya kifaa, ikiuamini bila kuhakiki, inanakili kupita nafasi iliyotengwa. Ni kama kumimina lita 30 kwenye ndoo ya lita 20 pale Mwaloni Kirumba: yanayozidi yanalowesha magunia ya dagaa ya jirani. Kifaa kinaweza kuzima ghafla, au mshambuliaji akapenyeza maagizo yake.

Imewahi kutokea?

Ndiyo. Mwaka 2019 kosa hilo hilo lilikutwa kwenye Linux, ambayo ndiyo msingi wa Android (CVE-2019-17133): jina lilinakiliwa bila kuangalia kama linazidi 32. Dawa ilikuwa mistari michache tu: pima kwanza, likizidi kataa.

Oktoba 2022 yakazibwa makosa mengine ya kusoma matangazo hayo, yaliyogunduliwa na Sönke Huster wa Chuo Kikuu cha Ufundi Darmstadt, Ujerumani. Safari hii ilitosha kifaa kuwa kinatafuta mitandao tu.

Ufanye nini?

Ingia Mipangilio, angalia tarehe ya sasisho la usalama, na likija jipya usiliahirishe. Ukinunua simu ya mtumba, icheki tarehe hiyo kabla ya kulipa. Na kumbuka: baadhi ya simu huendelea kutafuta mitandao hata Wi-Fi ikiwa imezimwa. Kuzima hilo, ingia mipangilio ya Mahali.