Baiskeli yetu isiyo na shokapu

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki tatu na kisa chenyewe ni baiskeli. Nilikuwa natoka Mwenge kwenda Kisutu mahakamani kuwahi kesi, nikasikia mlio chini ya miguu, kama mtu anavunja kijiti kikavu kila nikikanyaga pedeli ya kulia. Nikadhani ni cheni. Nilipofika nikaigeuza, nikafuta vumbi kwa kidole, nikaona ufa. Mwembamba kama unywele, kwenye bomba la chini linalotoka kwenye pedeli kwenda kwenye ekseli ya tairi la nyuma. Kesi ikaahirishwa, mimi nikarudi ofisini nikiikokota kwa mkono.

Ofisini walifurahi kweli. Mmoja akasema hatimaye Mungu kasikia maombi yao, sasa nitanunua pikipiki kwa mkopo kama binadamu wengine. Mwingine akaniuliza chuma chakavu siku hizi wananunua kilo shilingi ngapi. Nikacheka nao, lakini jioni ile sikulala vizuri. Baiskeli hiyo si ya kwangu kwa maana ya kwamba niliinunua. Ni ya baba.

Baba aliinunua mwaka 2011 kwa mitumba, kando ya Barabara ya Mandela, shilingi 120,000. Mimi nilikuwa darasa la saba. Ni Trek ya chuma, ina kibandiko kilichofifia kinachosema imetengenezwa Marekani, na mbele haina shokapu. Uma wake wa mbele ni chuma kitupu, mabomba mawili yaliyonyooka. Watoto wa mtaani kwetu walikuwa wananicheka, maana zao za Kichina zilikuwa na shokapu mbele, nyingine na springi katikati kabisa. Nilimwuliza baba kwa nini hakununua yenye shokapu. Akanijibu, "Kisichokuwepo hakiharibiki." Nikaona mzee kabania hela tu, kaamua kulipamba.

Baba alikuwa mwalimu, na alikuwa na ugonjwa wa kuandika. Kila kilichofanyika kwenye baiskeli hiyo kiliingia kwenye daftari la mistari: tarehe, kazi, bei. Alifariki 2019, mimi niko mwaka wa kwanza chuo. Daftari nikarithi pamoja na baiskeli, na nimeendelea kuandika. Sasa kabla sijaamua kama naitupa au naitengeneza, nikasema ngoja nifanye kile ninachojua kufanya kwa mshahara: kupekua. Hiki kitu kimetoka wapi hasa?

Mimi nilikuwa naamini baiskeli za milimani zilibuniwa na mainjinia wenye makoti meupe kwenye kiwanda kikubwa. Kumbe hapana, jamani. Zilianza kwa mitumba.

Kaskazini mwa San Francisco, jimbo la California, kuna wilaya inaitwa Marin, na ndani yake kuna mlima Tamalpais. Miaka ya 70 kulikuwa na vijana huko, wengi wao waendesha baiskeli za mashindano ya barabarani, ambao walianza kuokota baiskeli kuukuu za miaka ya 30 na 40. Walizipenda hasa Schwinn Excelsior. Zilikuwa nzito, zilikuwa zimetupwa magereji na kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, na zilipatikana kwa bei ya kutupa. Wakazing'oa madoido yote, wakaacha fremu, matairi manene na breki ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Wakazibeba mpaka juu, wakateremka.

Tarehe 21 Oktoba 1976 wakafanya mashindano ya kwanza kwenye mteremko mmoja karibu na mji wa Fairfax. Njia ni ya vumbi na mawe, zaidi ya kilomita 3, na kutoka juu mpaka chini unashuka kama mita 400. Mteremko huo wakauita Repack, yaani kujaza upya. Sababu ya jina hilo ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu usiku wa manane: ukifunga breki ya kinyumenyume njia nzima hiyo, ekseli ya nyuma inapata moto mpaka grisi inaungua na kutoka moshi. Ukifika chini, huendi popote mpaka ufungue, usafishe gololi, ujaze grisi mpya. Hebu niambie, hao wana tofauti gani na sisi? Nimewahi kuwaona vijana wa mkaa wakishuka milima ya Morogoro, magunia mawili nyuma, breki zinanuka kama tairi linaloungua. Hakuna aliyewapa jina wala saa ya kupimia muda.

Saa, kwa kweli, ndiyo iliyowafanya hao wa Marin wajulikane. Kulikuwa na kijana mmoja, Charlie Kelly, ambaye ndiye aliyekuwa mratibu. Alikuwa na daftari, anaandika nani kashuka kwa dakika ngapi. Ndiyo maana leo tunajua kwamba rekodi ya Repack ni ya Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22, na kwamba Joe Breeze anamfuata kwa sekunde mbili hivi. Dada mmoja, Wende Cragg, alikuwa nao akipiga picha. Mwaka 1980 Kelly akaanza na jarida, Fat Tire Flyer, likatoka mpaka 1987. Kwa hiyo walikuwa na mwenye daftari, mwenye kamera na mwenye jarida. Mimi kama mwandishi lazima niseme wazi: hapo hadithi ilishapata mwenyewe.

Kwa sababu si wao wa kwanza kuendesha baiskeli porini. Mwaka 1897 jeshi la Marekani lilitaka kujua kama baiskeli inaweza kuchukua nafasi ya farasi. Wakachaguliwa askari weusi 20 wa kikosi cha 25 cha watembea kwa miguu, chini ya luteni mzungu aliyeitwa James Moss. Wakatoka Fort Missoula, Montana, tarehe 14 Juni, wakaenda mpaka St. Louis, Missouri. Ni kilomita zaidi ya 3,000. Walipita kwenye theluji, matope, mchanga na reli, wamebeba mahema, chakula na bunduki, na baiskeli zao hazikuwa na gia za kubadilisha. Wakafika Julai 24, siku 41. Jeshi likasema ahsanteni, likarudi kwa farasi. Vijana wa Ufaransa nao, pale Paris miaka ya 50, walikuwa na klabu ya kurekebisha baiskeli zao na kukimbizana nazo kwenye udongo. Na babu zetu waliopiga Raleigh na Foniksi kwenye njia za ng'ombe maisha yao yote tuwaweke wapi? Sisemi wa Marin ni waongo. Wao walifanya kitu kingine, walikifanya kiwe bidhaa.

Mwaka 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu mpya kabisa kwa ajili ya mteremko ule, badala ya kuokota ya zamani. Ile ya kwanza sasa iko makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani, Smithsonian, jijini Washington. Mwaka 1979 Fisher na Kelly wakafungua biashara, fremu wakitengenezewa na Tom Ritchey, wakaiita MountainBikes. Jina likawaponyoka, likawa la kila mtu duniani. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani kwa wingi, na hapo mambo yakawa biashara kubwa. Trek, ambao walianza 1976 kwenye ghala jekundu la shambani huko Waterloo, Wisconsin, wakaingia 1983.

Zote hizo zilikuwa kama ya baba: hazina shokapu. Shokapu lao lilikuwa tairi nene na magoti ya mwendeshaji.

Na hapa kwetu zilifika mapema kuliko nilivyodhani. Mwisho wa 1984 Waingereza wawili, Nicholas Crane na binamu yake Richard, walipanda Kilimanjaro na baiskeli za milimani wakitafuta fedha za msaada, na kitabu chao kikatoka 1985. Njia nyingine waliendesha, nyingine wakazibeba mabegani, mpaka Uhuru, mita 5,895. Na mbele uma ni chuma kitupu. Wakati huo hapakuwa na kingine cha kununua.

Shokapu la mbele la kuuzwa madukani liliwezekana baada ya Mmarekani Paul Turner kuanzisha RockShox mwaka 1989. Mwaka 1990, kwenye mashindano rasmi ya kwanza ya dunia huko Durango, Colorado, Greg Herbold akashinda mbio za mteremko akiwa nalo. Basi, mjadala ukafungwa. Ndani ya miaka michache asiye na shokapu akaonekana mshamba. Wazungu wakaanza kuziuza zile za zamani, au kuziacha stoo. Miaka 20 baadaye stoo ikasafishwa, kontena likafungwa, na mwalimu mmoja akaikuta Barabara ya Mandela.

Mimi na shokapu tuna kesi yetu. Mwaka 2014, niko sekondari, nilidunduliza hela nikanunua Kariakoo uma wenye shokapu, wa bei rahisi, nikaufunga baba akiwa safarini. Kumbe fremu za enzi ile zilipigwa hesabu kwa uma mfupi. Ukiweka mrefu, baiskeli inainua pua kama mtumbwi uliopakiwa nyuma, na ukipanda mlima gurudumu la mbele linatangatanga. Miezi mitano baadaye springi ikawa imekufa, inagonga chuma kwa chuma. Baba hakunigombeza. Alikwenda uvunguni, akautoa uma wa zamani, kaupaka grisi na kuufunga kwenye gazeti. Kwenye daftari imeandikwa: "Uma umerudi. Fundi 3,000." Basi.

Jambo jingine nililogundua ni tairi. Dukani naomba 26 kwa 2.125, na maduka mengi ya Kariakoo wanayo. Kipimo hicho kinatokana na tairi la puto ambalo Schwinn walilianzisha Marekani mwaka 1933, wakati wa mdororo wa uchumi, ili kuuzia watoto baiskeli imara. Vijana wa Marin walilirithi kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye baiskeli walizookota. Viwanda vikalirithi kutoka kwa vijana. Huko Ulaya na Marekani kampuni kubwa zilianza kuliacha kuanzia miaka ya 2010, wakahamia 27.5 na 29. Nimesoma malalamiko ya wazungu kwamba matairi mazuri ya 26 yanawapa shida kuyapata. Huku kwetu unayapata hata kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Haya, turudi kwenye ufa. Jumamosi nikaenda Mwananyamala kwa fundi aliyekuwa akimtengenezea baba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea mgonjwa?"

Akaipindua, akavaa miwani, akapitisha ukucha kwenye ufa. Akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kuagana nayo moyoni. Kisha akachukua tupa akakwangua rangi, akaangalia chuma chenyewe kinavyong'aa.

"Hiki kinakubali moto," akasema. "Ingekuwa zile nyepesi za alumini ningekwambia katafute nyingine. Hiki nakupeleka kwa mtu wa gesi, tunajaza shaba taratibu. Umeme hapana, bomba jembamba hili, litatoboka."

Nilimwuliza kama itadumu. Akanitazama kama vile nimemwuliza mvua itanyesha saa ngapi. "Usipakie gunia la mchele. Na uwe unaiangalia. Ikipasuka tena itapasukia pembeni ya shaba, siyo penyewe."

Nilimsimulia habari za Repack wakati tunasubiri, nikitegemea atashangaa. Hakushangaa. Alisema mtu yeyote aliyewahi kushuka na breki ya kinyumenyume anajua grisi inaungua, wala huhitaji kwenda Marekani. Ila aliuliza swali moja: yule mwenye daftari, alikuwa analipwa? Nikamwambia hapana, sidhani. Akatikisa kichwa, "Kama baba yako."

Tulifungua na ekseli ya nyuma siku hiyo hiyo. Gololi mbili zilikuwa zimeliwa, akazibadilisha zote, akajaza grisi mpya kwa kidole. Jumatatu nilikwenda Kisutu nayo, na mlio haupo. Bado naikanyaga kwa woga nikipandisha, kama mtu aliyetoka kufunguliwa plasta. Inawezekana imenipa miaka kumi, inawezekana miezi. Pikipiki ya mkopo sijaikataa, nimeiahirisha kama kesi ile.

Kwenye daftari nimeandika: kuchomelea bomba la nyuma kwa shaba, 10,000, gololi na grisi, 4,000. Ukurasa huo huo, juu kabisa, kuna mwandiko wa baba wa 2018, amebadilisha tairi la nyuma. Nikaenda kulitazama: ni lile lile, limebaki kipara. Kama kuna msomaji anayejua duka lenye 26 kwa 2.125 za uhakika, siyo zile zinazochanika ubavu baada ya mwezi, aniambie.