Mshale wa GPS: kifaa cha satelaiti kinapotumika kama dira

Katika tarafa ya Butare, kusini mwa wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, vilima vimebanana kiasi kwamba nyumba inayoonekana ng'ambo ya bonde huweza kuwa na safari ya saa nzima. Ukungu ukishuka, alama zote alizozizoea msafiri hutoweka. Hapo ndipo wengi huchomoa simu au kifaa kidogo cha GPS, hutazama mshale na kuufuata. Mshale huo una manufaa makubwa, lakini huaminiwa kuliko unavyostahili: satelaiti humjulisha mtu mahali alipo, hazimjulishi anaelekea wapi.

Mfumo wa GPS, unaoendeshwa na Marekani, hutegemea satelaiti zisizopungua 24 zinazoizunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200. Kila satelaiti hutangaza wakati wake kwa usahihi mkubwa. Kifaa kilicho mkononi hupokea ishara za angalau satelaiti nne, hupima muda zilizotumia njiani, kisha hukokotoa mahali kilipo. Katika hesabu hiyo hamna uso wala kisogo. Kifaa kikigeuzwa kutoka mashariki kwenda magharibi, jibu ni lile lile.

Mwelekeo hupatikana kwa kutembea. Kifaa hulinganisha mahali kilipokuwa na mahali kilipofika, kisha huchora mshale kati ya sehemu hizo mbili. Hadi Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa ishara kwa watumiaji wa kiraia. Siku hizi, penye anga wazi, kosa la mahali kwa kawaida ni mita chache tu. Lakini mita hizo chache zatosha kuupotosha mshale wa mtu aliyesimama au anayejikongoja. Akisimama kabisa, kifaa huyachukua makosa hayo madogo kuwa mwendo, na mshale huzunguka ovyo. Akitembea mita 100 moja kwa moja bila kusita, kosa la mwelekeo hupungua hadi digrii chache. Chini ya miti mikubwa ya msitu wa Nyungwe, au katika bonde jembamba ambamo ishara hugonga miamba na kurudi, mita hizo 100 huenda zisitoshe.

Dira ya pili ndani ya kifaa

Simu janja nyingi, na baadhi ya vifaa vya GPS, vina pia kihisi cha sumaku. Si vyote: katika familia ya Garmin eTrex, kwa mfano, toleo la 20 halikuwa na dira hiyo, ilhali toleo la 30 lilikuwa nayo. Kuna njia rahisi ya kutambua. Mtu asimame mahali pa wazi na kukigeuza kifaa polepole. Mshale ukiifuata kaskazini muda wote, kihisi kipo. Ukiduwaa hadi mtu atembee, hakipo.

Kihisi hicho hufanya kazi hata mtu akiwa amesimama, ila nacho kina maadui zake: pikipiki, paa la mabati, nondo zilizomo ndani ya zege, spika ya redio, na hata kasha la simu lenye kifungo cha sumaku. Inafaa kusogea hatua kadhaa mbali na vitu hivyo, kisha kukisawazisha kifaa kwa kukizungusha hewani kama anayeandika tarakimu 8, au kwa namna ambayo kifaa chenyewe kitaelekeza. Baada ya kubadilisha betri, kazi hiyo irudiwe.

Mipangilio ya kifaa huuliza pia iwapo mtumiaji anataka kaskazini ya kweli au kaskazini ya sumaku. Nchini Rwanda tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo na mwenda kwa miguu haimsumbui, ingawa katika baadhi ya sehemu za Canada hupita digrii 15. Tatizo la Rwanda liko kwenye dira za kawaida za sindano. Dira iliyotengenezwa kwa matumizi ya Ulaya huwekewa uzito kidogo upande wa kusini wa sindano, kwa sababu huko sumaku ya dunia huvuta ncha ya kaskazini kuelekea chini. Rwanda iko kusini mwa ikweta ya sumaku, kwa hiyo ncha inayovutwa chini ni ya kusini, ile ile iliyoongezewa uzito. Sindano huinama na kukwaruza, hata ikakwama.

Jua nalo lahitaji hadhari. Butare iko chini ya digrii 3 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini. Miezi mingine huwa kusini. Aliyejifunza Ulaya kwamba jua la adhuhuri liko kusini anaweza kutembea kinyume kabisa.

Butare mbili, namba moja

Yapo pia makosa yanayofanyika kabla ya safari kuanza. Mtu akiandika "Butare" katika kifaa, huenda akapelekwa kwenye mji wa Butare ulioko wilaya ya Huye, wenye umaarufu zaidi. Latitudo haitamwokoa, kwa kuwa sehemu hizo mbili ziko karibu kwenye mstari mmoja, yapata digrii 2.6 kusini. Kinachozitenganisha ni longitudo: karibu 29.1 mashariki kwa Butare ya Rusizi, na 29.7 kwa ile ya Huye. Kwenye ramani hiyo ni tofauti ya takriban kilomita 70, na kati yake kuna Nyungwe. Alama ya kutoa ikisahaulika mbele ya 2.6, kusini hugeuka kaskazini, na kifaa huelekeza kaskazini-mashariki mwa Congo, karibu kilomita 580 kutoka mahali palipokusudiwa.

Hata namba zikiwa sahihi, mshale huonyesha mstari ulionyooka, wala haujali kilima, genge au mpaka. Kusini mwa wilaya hii mto Ruhwa huitenganisha Rwanda na Burundi, na magharibi mto Rusizi huitenganisha na Congo. Kifaa kisicho na ramani hakitamwonya mtu anapoukaribia mto wowote kati ya hiyo miwili. Kwa hiyo ramani ya eneo ipakuliwe mapema, kungali na intaneti. Ishara za satelaiti zenyewe hazihitaji mtandao wa simu wala salio.

Waliozoea kutembea porini hawaukodolei macho mshale njia nzima. Huweka alama ya mahali walipoanzia kabla hawajaondoka, husoma mwelekeo mara moja, huchagua mti au mwamba unaoonekana upande huo, kisha huzima kifaa na kuuendea kwa njia inayopitika. Wakifika, huwasha tena na kuchagua mwingine. Betri hudumu, na macho hubaki kwenye njia.