Asiyeongea naye ana la kusema: ubao wa picha kwa watoto wetu wa Mbinga na Nyasa

Wadau, siasa leo tuziweke pembeni kidogo. Nilikuwa Mbamba Bay kwa shangazi yangu. Mwanae ana miaka 9, ana mtindio wa ubongo, haongei. Siku tatu mfululizo dogo alilia usiku kucha, majirani wakaanza habari za kurogwa. Kumbe sikio lilikuwa na usaha! Hata tulipofika zahanati maswali yote aliulizwa shangazi, mwenye maumivu hakuna aliyemtazama. Mimi nimeishia form four, si daktari, ila nikaanza kusoma.

Wataalamu wanayaita mawasiliano saidizi na mbadala. Ni njia yoyote ya kuusaidia mdomo au kushika nafasi yake: ishara za mikono, macho, vitu, picha, hadi kompyuta ya kutoa sauti kama ya marehemu Stephen Hawking. Si mambo ya jana. Charles Bliss alitoa alama zake za michoro mwaka 1949, na mwaka 1971 wataalamu wa Toronto, Kanada, wakaanza kuzitumia kwa watoto kama huyu wetu.

Msiogope gharama. Kilifi, Kenya, kina Bunning na Gona (matokeo yao yalitoka 2014) waliwafuata walezi majumbani na kuwafundisha kutumia vitu vya pale pale. Na sisi tunaweza. Kikombe kiwe kiu, kipande cha chandarua kiwe kulala. Akizoea, hamia kwenye picha ulizopiga kwa simu: usipa, mtumbwi, bibi yake. Picha za kizungu zenye theluji mtoto wa Liuli atazifanyia nini? Stesheneri wanaprinti na kulaminesheni, hata maji ya ziwa hayaharibu. Picha yangu ya kwanza ilikuwa mwili wa mtoto, ili aonyeshe panapouma.

Lakini kabla ya picha, tafuta ndiyo na hapana. Mkono wa dogo hautulii, kwa hiyo anatazama juu kwa ndiyo, anafumba macho kwa hapana. Halafu kuna kosa letu sote: tunauliza na kujibu wenyewe. Uliza, kisha hesabu kimya mpaka 10. Nawe ukiongea, gusa picha ya unachokitaja, maana mtoto hajifunzi lugha ambayo hajaona mtu akiitumia. Shangazi anaongea Kinyasa, basi picha tunazitaja kwa Kinyasa. Kule milimani tumieni Kimatengo.

Kuna wanaosema picha zitamfanya mtoto awe mvivu wa kuongea. Mwaka 2006 Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti za nyuma. Katika watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa maneno, na asilimia 89 waliongeza, ingawa wengi kidogo tu.

Kinachotukwaza ni watu wa kufundisha. Makerere, Uganda, walianza shahada ya tiba ya lugha na matamshi mwaka 2008 tu, kwa hiyo wataalamu hawa Afrika Mashariki ni wachache. Na haki ipo: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 2 kinayataja mawasiliano haya waziwazi. Mimi naona mtaalamu mmoja akija Mbinga asijifungie ofisini na mtoto mmoja mmoja. Awafundishe muuguzi wa zahanati, mwalimu wa shule ya msingi na mama mzazi, kwa sababu yeye ataondoka na hao watabaki.

Juzi shangazi kanipigia. Dogo aliikodolea macho picha ya mtumbwi mpaka wakampeleka ufukweni, kucheka siku nzima! Sasa watoto wenzake wanataka iongezwe ya mpira. Imeshaprintiwa, naituma na basi la kesho asubuhi.