Mikeka ya Mafia: Sanaa inayolelewa na kina mama kwa pamoja

WANAWAKE wa Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani, wamesuka mikeka ya ukindu kwa vizazi vingi, na wengi wao huifanya kazi hiyo huku wakilea. Ni sanaa ambayo mama anaweza kuianza peke yake, lakini ni vigumu kuifikisha sokoni bila ya wenzake.

Mafia iko mkabala na delta ya Mto Rufiji, na makao makuu ya wilaya ni Kilindoni. Uvuvi na minazi ndiyo mihimili mikuu ya uchumi wake. Ususi, kwa upande wake, ni miongoni mwa njia za wanawake kujipatia fedha zilizo mikononi mwao wenyewe. Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Pat Caplan, aliyeanza utafiti kaskazini mwa kisiwa hicho mwaka 1965 na kurejea mara kadhaa katika miongo iliyofuata, ni miongoni mwa walioandika kuhusu kazi na mali za wanawake wa huko.

Mkeka huanzia kwenye mkindu, mti wa jamii ya mtende. Makuti machanga hukatwa, huanikwa juani hadi yawe meupe, kisha huchanwa membamba. Sehemu yake huchemshwa na rangi. Baada ya hapo husukwa ukili, yaani utepe mrefu, na tepe hizo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane upana unaotakiwa. Mchoro hauandikwi popote. Msukaji huutunga kichwani na kuuhesabu kwa vidole.

Kusuka ukili ndiyo hatua inayomfaa zaidi mama mwenye mtoto mchanga. Haihitaji mashine wala chumba maalumu. Ukili hukunjwa, hubebwa kwapani, huwekwa chini mtoto anapolia na huendelezwa anapolala. Hatua nyingine hazina subira hiyo. Kukata kindu ni safari ya porini, na chungu cha rangi kinachochemka si mahali pa mtoto anayetambaa.

Hapo ndipo maana ya methali ya mkono mmoja haulei mwana inapoonekana. Wasukaji wanaofanya kazi kwa kikundi huweza kugawana hatua hizo: mmoja akabaki na watoto wenzake wakienda kukata kindu, na aliyejifungua karibuni akaletewa kindu zilizokwisha kuchanwa. Barazani, aliye hodari wa kupanga rangi huwaelekeza wengine, na mabinti hujifunza kwa kutazama. Bila ya mgao huo, miaka ya kunyonyesha inaweza kuwa miaka ya kuisahau kazi.

Msaada wa pili ni wa fedha. Upatu, unaosimamiwa na kijumbe, humwezesha mwanachama kupata kwa mkupuo fedha za rangi au nauli. Vikundi vya kuweka na kukopa, maarufu kama VICOBA, vinatokana na mfumo ulioanzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE. Nchini Tanzania, vikundi vya aina hiyo vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Aidha, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Hata hivyo, sokoni mambo si mepesi. Mkeka wa Mafia unaokwenda Dar es Salaam sharti uvuke bahari, na msukaji asiyeweza kuacha watoto humwachia mchuuzi apange bei. Mikeka ya plastiki nayo ni rahisi na huoshwa kwa maji. Kwa upande mwingine, marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 ilifungua nafasi kwa vikapu vya kusukwa.

Tatizo kubwa zaidi ni jina. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, alirekodi nyimbo huko Bombay mwaka 1928, na jina lake likasafiri pamoja na santuri. Mkeka husafiri bila ya jina la aliyeusuka. Mnunuzi huambiwa ni mkeka wa Mafia, wala hajui ni wa nani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu kazi za sanaa tumizi, zikiwamo za mikono, kuwa kazi zinazolindwa. Mitindo ya kale iliyorithiwa na wote si mali ya mtu mmoja, lakini mchoro mpya uliobuniwa na msukaji ni kazi yake.

Kwa mama aliye peke yake, kuidai haki hiyo ni safari ndefu. Kikundi kinaweza kuanza na jambo dogo: kushonea kwenye pindo la kila mkeka kitambaa chenye jina la msukaji na kijiji chake, na kukubaliana bei ambayo hakuna mwanachama atakayeuza chini yake.