Daktari Aliyeondoka Kabla Bandeji Haijafunguliwa

Niliacha chuo, sikuacha kusoma. Kwa hivyo wasee, tulieni niwape story ya macho, kwa sababu mwaka jana karibu shosho apoteze jicho tukiwa tunaangalia tu.

Mwaka ni 1750, mji ni Leipzig, Ujerumani. Johann Sebastian Bach, mmoja wa wanamuziki wakubwa kuwahi kuishi, ana miaka 65 na macho yameanza kumwacha. Anaingia mjini Mwingereza anaitwa John Taylor. Huyu buda alikuwa daktari wa macho wa Mfalme George wa Pili, na alijua kujiuza kuliko sisi wote wa TikTok tukiwekwa pamoja. Gari lake la farasi lilichorwa macho. Kabla ya kumgusa mgonjwa, anapiga hotuba ndefu mbele ya umati.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho iliyoingia ukungu. Taylor anadunga sindano ndani ya jicho, anaisukuma lenzi kando ili mwanga upite. Hakuna ganzi. Hakuna kuchemsha vifaa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba vijidudu ndivyo huharibu kidonda. Kisha bandeji, na amri isifunguliwe kwa siku kadhaa. Siku ya kufungua ikifika, mara nyingi Taylor alikuwa ashatoka mjini.

Bach alipasuliwa mwishoni mwa Machi, akarudiwa Aprili. Aliugua miezi kadhaa, akafa Julai 28. Chanzo cha kifo chake watu wanabishania hadi leo, lakini madaktari kadhaa waliochunguza habari zake wanashuku maambukizi ndani ya jicho. Miaka minane baadaye Taylor akamtibu Handel, mwanamuziki mwingine mkubwa. Handel akabaki kipofu.

Sasa skiza vile mambo yalibadilika. Mwaka wa 1747 Mfaransa Jacques Daviel alikuwa ameanza kuitoa lenzi nje kabisa. Mwaka wa 1867 Joseph Lister akaandika kuhusu kuua vijidudu kwenye vidonda. Mwaka wa 1949, London, Harold Ridley akaweka lenzi bandia ndani ya jicho. Baadaye ikajulikana kitu cha kushangaza: mara nyingi adui hatoki mbali, anaishi kwenye kope za mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana siku hizi jicho huoshwa na iodini kabla ya kukatwa. Mwaka wa 2007, utafiti mkubwa wa Ulaya ulionyesha kwamba antibiotiki ikidungwa ndani ya jicho mwisho wa upasuaji, hatari hupungua karibu mara tano. Leo maambukizi hayo ni nadra sana.

Lakini nadra si sufuri. Shosho alipasuliwa kwenye kambi ya matibabu ya bure. Kazi safi, siku ya pili anasoma Biblia. Siku ya nne jicho likawa jekundu, likauma, likaanza kuona giza. Akasema, "Ni kupona tu, mjukuu wangu, sitaki kuwasumbua." Kambi ilikuwa ishafunga virago, na kwenye karatasi yake hakukuwa na namba ya simu. Usiku huohuo Mathee akatafuta gari hadi hospitali kubwa, wakamdunga antibiotiki ndani ya jicho. Leo anaona. Si kama ile siku ya pili, lakini ananitambua nikiingia mlangoni.

Tunapenda ile video ya bandeji ikitolewa, watu wakilia kwa furaha. Hata mimi ningeiposti. Siku ya nne hakuna mtu huposti. Sayansi imemshinda Taylor kwa ganzi, iodini na antibiotiki, lakini kitu kimoja bado tunafanya kama yeye: tunaondoka mapema.

Kwa hivyo ukimpeleka mtu wako kupasuliwa jicho, usitoke pale kabla ya kuuliza: "Likiuma siku ya nne, nampigia nani?" Na likiuma, likiwa jekundu au likianza kuona giza, usimwache avumilie hadi kesho. Hiyo ni dharura, na kila saa ina maana.